Roboti wanakimbia nusu marathoni, je oda yako nani ataileta? Maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita tuligusia kidogo habari za roboti zenye umbo la mtu na vigari vinavyopeleka mizigo bila dereva, maswali yakamiminika kweli kweli. Tumechagua machache, mengi yanafanana kwahiyo ukiona lako halipo soma jibu la mwenzako. Kitu kimoja nawaomba mkishike wakati mnasoma: ukiona mashine inafanya maajabu kwenye klipu, uliza kwanza nani yuko pembeni na ameshika nini mkononi.

SWALI: Habari za kazi. Nimeona klipu ya roboti wa kichina wanakimbia barabarani na wengine wanacheza ngoma wanarusha vitambaa juu, nimemuonyesha shemeji yangu anasema hamna kitu hapo, kompyuta tu imetengeneza. Tumebishana mpaka chai imepoa. Nani yuko sahihi? (Fundi friji, Mbagala)

JIBU: Wewe ndo uko sahihi fundi, ila shemeji usimbeze sana maana ana hoja yake. Mbio zile zilikimbiwa kweli, tarehe 19 Aprili 2025 kule Yizhuang, Beijing, nusu marathoni nzima ya kilomita 21, roboti 21 zina njia yao na watu wana njia yao, katikati wamewekewa uzio. Iliyoshinda inaitwa Tiangong Ultra, ilitumia saa 2 dakika 40 na sekunde 42, wakati mwanaume aliyeshinda upande wa watu alimaliza kwa saa 1 na dakika 2. Sasa sikiliza yale ambayo klipu fupi haionyeshi: Tiangong ilibadilishwa betri mara tatu njiani, ikaanguka mara moja, na mbele yake kulikuwa na mtu anakimbia kafunga kifaa cha kutoa ishara mgongoni, roboti inamfuata yeye. Nyingine zilikuwa na mafundi wanahema pembeni na rimoti mkononi, kuna iliyodondoka pale pale kwenye mstari wa kuanzia, kuna iliyoenda kujibamiza kwenye uzio. Zilizofika mwisho ni 6 tu.

Zile za vitambaa ni H1 za kampuni ya Unitree, zilionyeshwa runinga ya taifa ya China kwenye sherehe za mwaka mpya wao, Januari 2025. Nazo ni kweli tupu. Ila ngoma ni mfuatano uliokwisha kupangwa, roboti inafanyishwa mazoezi kwenye kompyuta mara nyingi sana kabla mwili wenyewe haujagusa sakafu, na sakafu yenyewe imenyooka, hakuna mtoto anayekatiza wala ndoo ya maji imeachwa njiani.

Mi nikiangalia tulikotoka siwezi kusema hawajapiga hatua, wamepiga kubwa mno. Juni 2015 DARPA, taasisi ya utafiti wa kijeshi ya Marekani, iliandaa mashindano Pomona, California, roboti zilitakiwa kufungua mlango, kuzungusha koki na kupanda ngazi, zikawa zinadondoka zenyewe hata hakuna aliyezigusa, na timu ya chuo cha KAIST cha Korea Kusini ndo ikaondoka na dola milioni 2. Leo miguu imekaa sawa. Mikono ndo bado. Wewe fundi unajua, ukifunga nati vidole vinakwambia kama uzi umekaa au umevuka, hata huangalii, unaendelea kupiga stori na mteja. Hicho kitu roboti bado inakitafuta. Mtaalamu mmoja anaitwa Hans Moravec aliandika tangu 1988 kwamba ni rahisi zaidi kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima kuliko kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Kutembea wameanza kukuweza, kushika ndo mlima uliobaki.

SWALI: Nina watoto wanne na kazi za ofisini, dada wa kazi hawakai. Nasikia kuna roboti ya nyumbani inauzwa dola 20,000, inaosha vyombo na kukunja nguo. Nijipange nikope? (Mama wa Tabata)

JIBU: Usikope dada yangu, nakuomba. Unayoisema ni NEO ya kampuni ya 1X, ilitangazwa Oktoba 2025 kwa bei hiyo ya dola 20,000 au kulipia dola 499 kila mwezi, na wameanza na wateja wa Marekani. Ukibadilisha hiyo ni zaidi ya milioni 45 za kwetu. Lakini hela siyo ishu kubwa kuliko hii: kazi ambayo NEO haijaijua, kampuni yenyewe imesema wazi kwamba mfanyakazi wao atavaa miwani ya kompyuta huko aliko aiendeshe kwa mbali ndani ya nyumba yako, anaona kupitia kamera za roboti. Wanasema utapanga saa na utachagua vyumba asivyoingia. Sawa, lakini bado ni mgeni anatembea jikoni kwako na humjui sura.

Na siyo wao peke yao. Oktoba 2024 Tesla walifanya sherehe California, roboti zao za Optimus zikawa zinamimina vinywaji na kuongea na wageni, watu wakashangilia, baadae ikajulikana nyuma kulikuwa na watu wanazisaidia kwa mbali. Mi sioni ubaya kujifunza kwa njia hiyo, ubaya ni kumuuzia mtu akiamini mashine inajua yenyewe. Na huyo dada anayefuata, kabla hujamlaumu kwamba hakai, angalia mshahara wake na siku yake ya kupumzika.

SWALI: Niko huku Dubai naendesha pikipiki ya oda, kwetu ni Mombasa. Kuna vigari vidogo vimeanza kuonekana kwa estate zingine vinapeleka chakula, wenzangu wanasema miaka miwili tu sote tutarudishwa nyumbani. Niambieni ukweli bila kunipaka mafuta. (Mpanda pikipiki, Dubai)

JIBU: Ukweli ndo huu kaka. Vigari hivyo si vya jana. Kampuni ya Starship ilianzishwa 2014 na Ahti Heinla na Janus Friis, watu waliokuwemo kwenye kuunda Skype, na tangu 2018 vigari vyao vyeupe vya matairi sita vinazunguka mji wa Milton Keynes huko Uingereza. Kinatembea kilomita kama 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi basi, kina mfuniko wenye kufuli na mteja anaufungua kwa simu. Kufikia 2025 walishapita oda milioni 8, kwahiyo huwezi kusema ni mchezo. Lakini angalia vinafanyia wapi: Milton Keynes mji uliopangwa na njia pana za waenda kwa miguu, alafu kampasi za vyuo vikuu Marekani kuanzia George Mason mwaka 2019. Lami safi, oda nyingi kwenye eneo dogo, mteja ni mwanafunzi ambaye yuko tayari kushuka chini mwenyewe.

Ukitoka nje ya mazingira hayo hadithi inabadilika. Amazon walikuwa na kigari chao cha Scout, wakaanza kukijaribu 2019 na Oktoba 2022 wakakifunga. FedEx, wale wa vifurushi, walikuwa na cha kwao kinaitwa Roxo, nacho kikafungwa mwezi ule ule. Kampuni nyingine, Nuro, walipewa kibali na serikali ya Marekani Februari 2020 cha kuweka barabarani gari la mizigo lisilo na usukani wala vioo vya pembeni, kampuni ya kwanza kabisa kupata ruhusa hiyo, mwaka 2024 wakaamua bora wauze akili ya gari kwa kampuni nyingine kuliko kupeleka mizigo wenyewe. Hizi ni kampuni zenye hela, na zilishindwa siyo kwa sababu gari halikutembea, gari lilitembea, ni hesabu ndo iligoma, ukijumlisha mtu wa kuliangalia kwa mbali, wa kulichaji, wa kulifuata likikwama, na oda yenyewe ni pizza moja.

Hapo Dubai walianza majaribio kwenye nyumba za Dubai Silicon Oasis, na ukiangalia walipoanzia ni estate yenye geti, barabara za ndani, magari machache. Kazi ya aina hiyo, mgahawa uko karibu na nyumba ziko chini siyo ghorofani, hiyo mi nakwambia itaondoka mikononi mwenu taratibu. Ila ile yako ya kila siku, mlinzi kakuzuia mlango wa mbele anakutuma wa nyuma, lifti ya mizigo imejaa, mteja kaweka pini jengo la jirani na simu hapokei, unashika mfuko wa supu usimwagike unagonga mlango na kiwiko, hiyo roboti haijaikaribia.

Kinachonitisha mimi ni kingine. China kampuni kama Neolix zina magari madogo ya mizigo yasiyo na kiti cha dereva, yapo kwa maelfu, yanatoa vifurushi ghala kubwa kupeleka vituo vya mtaani, alafu kutoka kituoni hadi mlangoni anamalizia binadamu. Mpangilio huo ukija Ghuba wapanda pikipiki hamtaondolewa kabisa, mtabakiziwa kipande cha mwisho, kifupi, kigumu, na kwa sababu ni kifupi mtu atataka akilipe kidogo. Kwahiyo usiangalie sana kigari kimekuja au hakijaja, angalia mkataba wako unalipa kwa kilomita, kwa oda au kwa saa. Na ukipata nafasi ya kuchukua leseni ya gari kubwa ukiwa huko, ichukue.

SWALI: Naendesha semi Dar hadi Lubumbashi kupitia Tunduma. Kijana wangu kanionyesha lori la Marekani linaenda lenyewe kitini hamna mtu. Nimsomeshe udereva au la? (Dereva, Mbeya)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Alichokuonyesha kipo. Kampuni ya Aurora ilianza mwaka 2025 kupeleka mizigo bila dereva kati ya Dallas na Houston, Texas, zaidi ya kilomita 300, wakaanza na mchana tu na hali ya hewa nzuri. Wiki chache tu baadae watengenezaji wa lori lenyewe wakaomba mtu arudi kukaa kitini, hashiki usukani, yupo tu. Lori linaona kwa kamera, rada na vifaa vinavyopima umbali kwa miale ya leza, na kwenye barabara kuu iliyonyooka linafanya kazi vizuri, halisinzii, halichat.

Lakini nikupe kitu kimoja utakielewa kuliko mtu yeyote. Lori likiharibika barabarani sheria ya Marekani inataka pembetatu za tahadhari ziwekwe barabarani ndani ya dakika 10. Sasa lori halina mtu, nani anashuka kuziweka? Aurora na Waymo, kampuni nyingine ya magari yanayojiendesha, waliomba watumie taa za juu ya kabini badala yake, mwishoni mwa 2024 serikali ikawakatalia, imekuja kutoa ruhusa ya muda baadae. Kitu ambacho utingo wako anakifanya hata hujamtuma, anaruka chini anakata matawi anayapanga barabarani, kule kimefika mpaka serikalini. Ongeza turubai lililofunguka, pancha pale mlima Kitonga, mzani, foleni ya Tunduma siku kadhaa na makaratasi ya mpakani Kasumbalesa. Kijana msomeshe udereva kama anaupenda, ila amalizie na umeme wa magari na kusoma makosa ya injini kwa kompyuta, maana malori ya sasa hivi hata yenye dereva yashajaa vifaa hivyo.

SWALI: Mimi hufanya kazi ya mtandao hapa Nairobi, nachora maboksi kwa picha za barabara za ng'ambo siku nzima, mtu, baiskeli, taa. Kwani hii ndio inafundisha hayo magari? Na kazi itaisha lini? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ndio dada, ndo hiyo, na inaniuma kwamba wanaotangaza magari haya hawakutaji. Gari linajua kwamba kitu kilichosimama pale ni mtu na siyo nguzo kwa sababu kuna binadamu alikaa akavuta boksi kuanzia kichwani hadi nyayoni, picha baada ya picha, na yule aliyejificha nusu nyuma ya gari ukakadiria miguu yake iko wapi ili boksi lifike chini. Ukikosea inchi chache kwenye picha nyingi gari linajifunza kwamba mtu yuko mbali kidogo kuliko alivyo.

Kuisha itaisha kwa sura uliyoizoea. Maboksi rahisi sasa kompyuta inachora yenyewe na mtu anabaki kukagua, picha unazopewa ni zile zilizoishinda, mvua, usiku, mtu kabeba sofa kichwani, kwahiyo kazi inakuwa ngumu zaidi na mara nyingi malipo hayapandi. Na wenye majukwaa hawaagi. Machi 2024 kuna jukwaa kubwa lilifunga akaunti za Kenya, watu wameamka asubuhi hawawezi kuingia. Toa pesa yako kila inaporuhusiwa, weka picha za rekodi za kazi ulizofanya, na tafuta wenzako, hapo hapo Nairobi kuna Data Labelers Association inayowakusanya.

Kazi mpya inayokuja ni ya kuzifundisha roboti mikono. Shanghai kampuni ya AgiBot ina ukumbi ambapo watu wanaongoza roboti kukunja fulana, kutengeneza sandwichi, kufungua milango, wanarudia kitendo kile kile ili mashine ikusanye data. Ikifika kwenu, na mi naamini itafika maana wanafuata penye mishahara midogo, muulize mwajiri mapema mwendo wa mikono yako ukisharekodiwa ni mali ya nani na utauzwa mara ngapi.

SWALI: Bonjour ndugu. Mbona munasema tu China na Amerika, na sisi Kongo tulikuwa na roboti za barabara zamani? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Umetukumbusha jambo zuri ndugu, na ni aibu kwamba wengi hawalijui. Mwaka 2013 Kinshasa waliweka roboti za kuongoza magari, kazi ya injinia Thérèse Izay Kirongozi na chama chake cha wanawake wahandisi. Zilikuwa na urefu wa mita 2 na nusu hivi, mwili wa aluminiamu, zilitumia umeme wa jua, zilikuwa na kamera, kifua kilikuwa kinageuka na mikono inapanda na kushuka na taa nyekundu na kijani. Mwaka 2015 zikaongezwa tatu zenye majina kabisa, Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Mi nasema mama yule aliona mbali: hakuiambia roboti itembee wala ishike kitu, aliipa umbo la mtu kwa sababu moja tu ya maana, dereva anaelewa mkono ulioinuliwa. Kampuni nyingi zenye mabilioni zinaweka miguu miwili kwenye mashine ya kiwandani ambapo sakafu yote ni tambarare na matairi yangetosha.

SWALI: Mimi ni muuguzi Ukerewe. Kuna wakati ndege ndogo isiyo na rubani ilikuwa inaleta dawa kutoka Mwanza, watu walifurahi, sasa hatuioni. Je vitu hivi vitarudi au ndo basi? (Muuguzi, Nansio)

JIBU: Asante dada kwa swali, hili ndo lililonigusa kuliko yote. Mradi unaousema ni wa 2018, DHL, kampuni ya ndege za Wingcopter na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, majaribio ya miezi sita, ndege inatoka bara inavuka ziwa kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, wakati kwa barabara na kivuko ni masaa na masaa. Kiufundi ilifanikiwa. Na ndo maana nasema kwetu mzigo wa kujiendesha utapita juu kabla haujapita barabarani, hewani hakuna mashimo, hakuna ng'ombe, hakuna daladala imesimama katikati ya njia.

Ushahidi uko jirani. Rwanda walianza na kampuni ya Zipline Oktoba 2016 pale Muhanga, ndege inarushwa kwa mtambo unaofanya kazi ya manati, inaenda kilomita 100 kwa saa, ikifika hospitali haitui, inaachia boksi la damu na parashuti na kurudi kituoni ambako inanaswa kwa kamba. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta damu inayoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67, kwa sababu hospitali haikuwa tena na haja ya kujaza friji kwa wasiwasi, wanaagiza ikihitajika. Mama anatoka damu baada ya kujifungua, damu ya kundi lake iko njiani tayari. Wewe muuguzi hauhitaji kuelezwa hiyo ina maana gani.

Tofauti ya Muhanga na Ukerewe siyo ndege. Rwanda serikali iliingia mkataba ikawa inalipia huduma, ikaiweka ndani ya mfumo wa damu wa nchi nzima, wakati kwenu ilikuwa majaribio yenye tarehe ya kuisha tangu siku ya kwanza. Mi nachukia sana miradi ya namna hiyo, inakuja inapigwa picha na watoto kisiwani alafu inafunga mabegi. Ikija nyingine, na nadhani itakuja, mganga mkuu na halmashauri yenu waulize kabla ya kukata utepe: mwaka wa pili analipa nani, fundi anakaa Nansio au anatoka Ulaya, kibali cha mamlaka ya anga ni cha majaribio au cha huduma, na siku ndege haijaruka boti ya dharura bado ina mafuta au bajeti yake imehamishwa.